Kisu Hufia Alani

Watu wengi wakikuta kisu kimekuwa butu huilaumu kazi: kimekata mno, kimegonga mifupa, kimechoka. Mimi nilikulia miongoni mwa watu waliokata samaki kutwa kucha, na walichonifunza ni kwamba kisu huharibika zaidi kikiwa kimepumzika. Kazi hula makali kidogo kidogo, na makali yaliyoliwa na kazi hurudi kwa dakika chache za kinoo. Chumvi iliyolala na kisu ndani ya ala yenye unyevu hukila kwenye ubapa, kwenye mgongo, hadi ndani ya mpini, na ili kuyapata makali tena inakubidi ukisage chuma ambacho hakijawahi kukata hata ukuti.

Nilijifunza haya dagoni. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama kuwafuata samaki. Ikiingia kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na vyombo huondoka makwao, vingi kutoka Pemba na hasa Kojani, vikaenda kupiga kambi kwenye fukwe za Tanga, za Shimoni, hata za Malindi na Ngomeni. Hujengwa vibanda vya makuti, hutengenezwa chanja za kuanikia, na samaki ambaye mchuuzi hakumchukua akiwa mbichi hupasuliwa, hutiwa chumvi, akawa ng'onda. Dago letu lilikuwa kati ya Shimoni na Vanga, pwani ya kusini kabisa ya Kenya. Mjomba wangu ndiye aliyesimamia upasuaji, na shule zikifungwa mwisho wa mwaka nilipelekwa kwake. Nilianza kwa kupaa magamba. Alipoona kwamba naweza kukaa kitako na kitu kimoja bila kuinuka inuka, akanikabidhi vinoo.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni pwani ile ni kwamba mawe yamejaa kila upande na hakuna hata moja linalonoa. Vijana wapya walikuwa wakiinama ufukweni, wakaokota jiwe lililolainishwa na mawimbi, wakalisugulia kisu weee, na kisu kikabaki vilevile, kimepakaa unga mweupe. Sababu ni kuwa mwamba wote wa pale ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa. Hata yale mapango maarufu ya Shimoni yamo ndani ya jiwe hilohilo. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanza 1 na kuishia 10, madini ya jiwe la chokaa yako kwenye 3. Chuma cha kisu kilichofuliwa vizuri kiko baina ya 5 na nusu na 6 na nusu. Hapo linalosagwa ni jiwe.

Kinachokata chuma ni mchanga wa kwatzi, madini meupe yanayometameta, ambayo yako kwenye 7. Nao huo mjomba aliufuata Mazeras. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, hukawii kufika Mazeras, na mawe yake kila mtu wa Kenya ameyakanyaga, maana ndiyo yanayotandikwa uani na kubandikwa kutani. Ni jiwe la mchanga ulioshikamana tangu zama za kale mno. Mjomba alikuwa akipita Ukunda kwa mafundi waliokuwa wakitandika nyua za watu, akawaomba vipande vilivyobaki. Hakuchukua kila alichopewa. Alipitisha ukucha juu ya kipande kusikiliza kama chenga zake zinalingana, akalitazama jiwe ubavuni kuona kama lina tabaka zinazobanduka, kisha akalimwagia maji. Jiwe lililoyanywa maji pole pole alilipenda. Lililoyafyonza mara moja alilirudisha, akisema litaachia chenga na kukwaruza kisu. Kipande chenye urefu wa kiganja na nusu kilitosha msimu mzima. Kikianza kufanya bonde katikati tulikigeuza kifudifudi juu ya sakafu ya saruji ya kisima, tukamwaga mchanga na maji, tukakisugua hadi kikawa sawa tena. Jiwe lenye bonde haliwezi kutoa makali yaliyonyooka, hata likishikwa na fundi wa namna gani.

Kando ya jiwe la Mazeras palikuwa na kinoo cha duka la vifaa vya ujenzi, kile cha pande mbili, upande mmoja wa chenga kubwa na mwingine laini. Vinoo hivyo vingi hutengenezwa kwa kabaidi ya silikoni, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata mwaka 1891 alipokuwa akichoma udongo na makaa kwa umeme, na ambacho ugumu wake hupita 9. Kinakata haraka. Mjomba alikitumia kwa visu vilivyopiga mapengo tu. "Hicho kinakula," alikuwa akiniambia, "na wewe hujui kuzuia mkono wako. Anza na hili la polepole." Hadi leo, mtu akiniomba nimfundishe, namnyima upande wa chenga kubwa mpaka mkono wake utulie.

Namna yenyewe haina siri, ila ina mambo ambayo hayasameheki. Jiwe huwekwa juu ya gunia bichi lililokunjwa kwenye gogo, lisiteleze. Maji humwagwa, na yale matope ya kijivu yanayotokea hayafutwi, maana nayo yananoa. Kisu hulazwa, kisha mgongo wake huinuliwa kidogo, na kimo hicho cha kuinua ndicho kazi yote. Mjomba alipima kwa ncha ya kidole cha shahada akikitia chini ya mgongo wa kisu. Mimi baadaye nilipiga hesabu zake: kisu chenye upana wa sentimita 3, ukiuinua mgongo sentimita 1 hivi, kinanoleka kwa nyuzi 20, ukiuinua milimita 8, kwa nyuzi 15. Visu vyembamba vya ng'onda alivinoa kwa 15 hizo au pungufu, kwa kuwa kazi yao ni nyama laini na havigongi mfupa. Kisu cha kazi zote kilipata 20. Panga la kukatia vichwa vya kolekole na chewa aliliinua zaidi, nyuzi 25 au kupita, kwani makali membamba kwenye mfupa hukunjika au humeguka.

Kuinua mara moja ni rahisi. Shida ni kukirudisha kisu kwenye kimo kilekile kila mpigo. Kwa hilo alinifundisha hila ambayo sijaona iliyo bora kuliko hiyo: chukua masizi chini ya sufuria, changanya na tone la mafuta, paka kwenye ukingo wa makali, halafu nyoosha kisu mara mbili tatu juu ya jiwe. Tazama. Masizi yakibaki kwenye makali yenyewe na kufutika juu, umelaza kisu mno. Yakifutika kwenye makali tu na kubaki juu, umekiinua mno. Yakiondoka yote kwa upana wake, endelea hivyo hivyo. Mtoto wa miaka kumi anaelewa, na masizi hayakosekani kambini.

Unanoa upande mmoja mpaka chuma chembamba sana kijikunje kuelekea upande wa pili. Hakionekani kwa urahisi, ila kidole gumba kikiburutwa kutoka mgongoni kuelekea nje, kukatiza makali, kinakihisi kikikwaruza. Usiburute kidole kwa kufuata urefu wa makali; huko ni kujikata. Kikijikunja kwa urefu wote wa kisu, kutoka shinani hadi nchani, ndipo unageuza. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema: wanageuza kisu kila mpigo, huku na huku, hawajui kama upande wa kwanza umefika. Mwisho unapunguza uzito wa mkono hadi kisu kinakaribia kujipitia chenyewe, kisha unakivuta kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, ili ule uchuma uliojikunja utoke. Alikijaribu ukuchani, bila kukisukuma. Kikiteleza, bado. Kikishika, tayari. Na kama jua lilikuwa limetoka, alikielekeza makali juu na kukitazama kwa ukingo: makali ya kweli hayaonekani, lakini penye ubutu pana mstari unaong'aa.

Hayo yote tuliyafanya siku ya kwanza ya msimu. Siku zilizofuata, kila baada ya lundo moja la samaki, ilikuwa mipigo michache tu ya jiwe laini na mingine ya mkanda. Mjomba hakumruhusu mtu akate mpaka kisu kife. Alisema mtu anayengoja ubutu ndiye anayemaliza kisu, na aliyasema hayo kwa ukali ambao hakuwa nao katika jambo jingine lolote. Naona alikuwa sahihi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chuma chenyewe. Ya pili ni mikono. Kisu butu hulazimisha mtu akandamize, na ukandamizaji juu ya ngozi yenye utelezi ndio unaompeleka mtu hospitalini. Mwaka mmoja kijana wa jirani alilazimisha kisu butu kwenye mgongo wa papa, kikateleza, kikampasua kiganja, na msimu wake ukaishia hapo.

Papa ana somo lake. Ngozi yake imefunikwa vijino vidogo sana, meno kwelikweli, vyenye tabaka gumu juu kama la jino la binadamu, na sehemu nyingi za dunia maseremala wa zamani waliitumia ngozi hiyo kusugulia mbao. Ukimkata papa kutoka nje kuingia ndani, unakipitisha kisu juu ya msasa, na kabla hujamaliza samaki mmoja makali yamekwisha. Mjomba alitoboa tundu moja tu kwa ncha, kisha akakigeuza kisu, makali yakitazama juu, akapasua kutoka ndani kwenda nje. Hivyo makali hukutana na nyama kwanza na ngozi kwa upande wake laini. Kisu kilekile kilimaliza papa kadhaa bila kurudi kinooni. Nimewaona watu wenye visu vya bei kubwa wakilaani viwanda kwa kosa ambalo kijana wa Kojani halifanyi.

Na mchanga. Samaki akiburutwa ufukweni hubeba mchanga kwenye utelezi wake, na mchanga wenye kwatzi, kama nilivyosema, ni mgumu kuliko kisu. Basi samaki wote walisukwasukwa kwanza baharini, wakapandishwa kwenye ubao wa mwembe, na ubao wenyewe ukamwagiwa maji kila mara. Kukatia juu ya jiwe, juu ya bati au juu ya ubavu wa ngalawa wenye misumari kulikatazwa.

Lakini adui mkubwa alikuja jioni, kazi ikishamalizika. Visu vyetu vingi vilitoka kwa wahunzi, vimefuliwa kwa springi za magari. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kushika makali, kinanoleka kwa jiwe la kawaida, na kwa mtu wa nje ya mji ndicho ninachokipendekeza hadi kesho. Ila kinashika kutu upesi, na kutu huanza pale chuma kilipo chembamba kuliko kote, yaani kwenye makali. Kisu kilichonolewa alasiri, kikaachwa na maji ya bahari, asubuhi kina ukingo wa rangi ya udongo na hakikati. Aliyekuwa na kisu cha chuma kisichoshika kutu alidhani amesalimika. Chuma hicho huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10 na nusu, ambayo hukijengea utando mwembamba wa kukilinda. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo mahali padogo padogo, ikachimba vishimo. Kinachukua muda mrefu zaidi, lakini kinaharibika.

Kwa hiyo palikuwa na sheria ya maji. Maji matamu yalitoka kisimani, mwendo mzuri wa miguu, yakibebwa kwa mitungi ya plastiki, na nahodha aliyapima kwa jicho kali: ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadhia. Mjomba alidai kikombe kimoja cha visu kila jioni. Walizozana sana juu ya kikombe hicho. Nahodha alimwona mwenzake anachezea maji. Mjomba alimjibu kwamba kisu ni chombo cha kazi sawa na tanga, na hakuna nahodha aachaye tanga lioze. Akapewa. Visu vilioshwa zamu kwa zamu ndani ya kikombe kilekile, kuanzia kilichokuwa safi zaidi hadi kichafu zaidi, vikafutwa kwa kitambaa kikavu hasa pale ubapa unapoingia kwenye mpini, kwa sababu chumvi hujificha kwenye msuka na kuula ndani kwa ndani mpaka siku moja mpini unabaki mkononi peke yake. Kisha vilipakwa mafuta ya nazi, utando tu, kwa ncha ya kitambaa. Wengine walileta mafuta ya injini. Hayo yanazuia kutu pia, lakini yanaingia kwenye samaki, na mjomba hakuyataka karibu na ubao wake.

Vikishapakwa havikurudishwa alani. Vilichomekwa kwenye nyufa za kijiti juu ya chanja ya ndani ya kibanda, penye hewa na moshi kidogo. Ala za ngozi zilining'inizwa mbali, wazi. Niliielewa maana ya hilo miaka mingi baadaye, nilipoanza kutembea bara, Taita na Chyulu, pamoja na watu wanaopenda kulala porini. Walikuwa na visu vizuri kuliko chochote kilichowahi kufika dagoni, vimefutikwa kwenye ala za ngozi nene zilizonyeshewa na mvua na hazijakauka. Ngozi ya ala aghalabu hulainishwa kwa maganda ya miti yenye tindikali, na ikinywa maji inaushika unyevu huo pamoja na tindikali ubavuni mwa chuma. Wanakitoa kisu asubuhi kina madoa, wanalaumu chuma. Ala ni ya safari: kuvaa, kupanda, kushuka. Ukifika, toa kisu.

Nao moto wa kambi huua visu kwa njia nyingine. Sijui ni kwa nini kila mtu akikaa karibu na makaa mkono wake hutafuta kisu cha kuyachokorea. Chuma cha kisu kimepashwa na kupozwa kwa kipimo na aliyekifua. Kikipata joto la nyuzi 220 hivi za Selsiasi, juu yake hutokea rangi ya majani makavu, na karibu na 300 hugeuka samawati. Ukiiona samawati kwenye makali ya kisu cha namna hii, ugumu umepungua, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Hatari hiyohiyo iko sokoni. Fundi wa cherehe ya baiskeli anayezungusha jiwe taratibu na kulitia maji hana neno, na wako wazuri sana. Anayekiegemeza kisu chako chembamba kwenye mashine ya umeme, kavu, cheche zikiruka, mzuie kwa adabu na umpe panga.

Siku hizi safarini nabeba nusu ya kinoo kilichovunjika, kipande cha mkanda na kitambaa chenye mafuta ya nazi ndani ya kopo dogo. Nikivikosa, nageuza kikombe cha kauri. Chini yake pana duara lisilopakwa rangi, lenye mkwaruzo, na kauri hiyo ni ngumu kuliko chuma. Ukikipitisha kisu hapo kwa kimo kilekile cha mgongo, mipigo michache kila upande, kinakata nyanya bila kuibonda. Pengo haliondoi. Kwa jioni moja inatosha.

Tabia moja ya dagoni ambayo sijaiacha: kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Kinawekwa ubaoni, makali yakitazama kwa aliyekiweka, na mwenzake anakichukua. Wageni huona ni unyonge. Mikono iliyojaa utelezi wa samaki, chombo kikiwa kinayumba au taa ikiwa hafifu, haina uhakika wa kushika kitu.

Kitu cha mwisho kinahusu visu vizee, ambavyo watu huvitupa kabla ya wakati. Kisu kikinolewa miaka mingi makali yake hupanda kuelekea mgongoni, na huko chuma ni kinene. Mtu anainua mgongo kwa kimo chake cha siku zote, kisu kinashika ukucha, lakini kikiingia kwenye nyama kinasukuma badala ya kupita. Dawa yake ni kukilaza karibu bapa kabisa juu ya jiwe la Mazeras na kuzipunguza mbavu zake zote mbili, kazi ya alasiri nzima ya siku isiyo na pepo nzuri, na ndipo unarudi kwenye nyuzi 15. Mjomba alikuwa na viwili vya namna hiyo, vimebaki upana wa kidole, vinapinda ukivikandamiza kwa gumba. Asiyemjua alidhani ni vya kukatia chambo. Nguru mkubwa alipoletwa, na mchuuzi akiwa amesimama pale anataka mapande yasiyo na mfupa, ndivyo alivyoviomba kwanza.